Tunawapimaje manesi wapya?

Nimefanya uuguzi Kenya na sasa niko Uingereza, na malalamiko ya mainchaji, yaani manesi wanaosimamia wodi, ni yale yale kote: hawa wapya wamejaa nadharia lakini ukiwaachia wagonjwa kadhaa kwa pamoja wanachanganyikiwa, hawajui waanze na nani, kumpigia daktari wanaogopa. Sibishi, ni kweli. Kinachoniuma ni vile tunawapima.

Nyumbani nesi mpya anapimwa kwa mikono. Kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, ikiingia mara ya kwanza basi huyo anajua kazi, na kusema ukweli kwa mikono tuko mbele, maana wengi wetu tunasomea uuguzi na ukunga pamoja wakati huku ukunga ni kozi yake kando, na kuna wanaomaliza chuo huku hata kanula hawaruhusiwi kuweka mpaka wafundishwe tena kazini na kupasishwa. Lakini mikono sio kila kitu jamani.

Juzi usiku nesi mpya wa wodi yetu alikuwa anagawa dawa, akahesabu pumzi za mzee mmoja akapata 26 kwa dakika, presha iko sawa, joto sawa, mzee mwenyewe anaongea vizuri tu. Akaacha troli akaita msaada, kwa sababu kwenye NEWS2, chati ya huku ya kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa, pumzi kuanzia 25 peke yake zinatoa alama 3, na hapo lazima mgonjwa aangaliwe haraka hata kama mengine yako sawa. Dawa zilichelewa, na asubuhi inchaji akamsifu mbele ya wote. Nyumbani nimeona mwenzangu akifokewa kwa jambo kama hilo, eti anajivuta.

Huku nesi mpya anapewa nesi mzoefu wa kumlea miezi ya mwanzo. Sio wodi zote zinatimiza, watu wakipungua huyo mlezi anavutwa kwingine, lakini angalau mgeni anajua wa kumuuliza ni nani. Patricia Benner, msomi wa uuguzi wa Marekani, aliandika tangu 1984 kwamba nesi anapanda ngazi 5, na ile ya tatu, ya kuweza kupanga kazi yake mwenyewe, inakuja baada ya miaka 2 au 3 kwenye kazi ileile. Sasa wewe unaitaka wiki ya pili?

Najua nyumbani watu ni wachache, nimekesha hizo wodi. Lakini kumwachia mgeni wodi nzima usiku peke yake alafu asubuhi unaandika hana uwezo, hapo umempima nini? Mainchaji wangu, mwezi wa kwanza mpangeni zamu moja na mzoefu, na mkitaka kumpima muulizeni kati ya wagonjwa wake angeanza na nani, na kwa nini.