Siku ya Tano Baada ya Kukatwa Ini

Damu ya mtu mwenye afya ukiizungusha kwenye mashine yetu ya maabara, seli nyekundu hutuama chini na juu hubaki majimaji ya manjano hafifu, kama maji ya mua. Kichupa nilichokiinua asubuhi ile hakikuwa hivyo. Majimaji yake yalikuwa kama yamechemshwa na binzari. Yalikuwa ya mvuvi mmoja mzee kutoka upande wa Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, aliyekatwa upande mzima wa kulia wa ini siku tano kabla, kwa sababu ya uvimbe.

Mwanawe ndiye aliyeleta vichupa, kile cha kifuniko cha bluu, cha kupimia kuganda kwa damu, na kile cha njano, na hakuondoka dirishani. "Daktari," akaniuliza, "ini la mzee limeanza kumea?" Mimi ni mtu wa maabara tu, ila huku Kisumu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari. Wodini walikuwa wamemwambia asiwe na wasiwasi, ini humea. Basi alikuwa akihesabu siku kama mtu aliyepanda mahindi.

Ni kweli humea. Mwaka 1931, Higgins na Anderson kule Marekani waliwakata panya thuluthi mbili za ini, na kwa muda wa wiki moja au mbili uzito wake ukawa umekaribia ule wa mwanzo. Kwa binadamu huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Lakini pande lililokatwa halirudi mahali pake, na hapa ndipo ndugu wa wagonjwa wengi wanapokosea: kinachotanuka ni kile kilichobaki, seli zake zikigawanyika mpaka kifike ukubwa unaoutosha mwili. Jambo linalonifurahisha mimi zaidi, kwa kuwa kazi yangu ni damu, liligunduliwa na Moolten na Bucher mwaka 1967. Waliiunganisha mishipa ya panya wawili ili damu ipite kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Mmoja alipokatwa ini, ini la mwenzake ambalo halikuguswa nalo likaanza kuzalisha seli. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya damu.

Ndiyo maana nasema damu ya siku ya tano isipuuzwe. Ini ndilo linalotengeneza karibu protini zote za kugandisha damu, na baadhi yake hudumu saa chache tu kabla ya kwisha. Ini likilegea leo, kesho kichupa cha bluu kitachelewa kuganda. Ndilo pia linaloondoa bilirubini, ile rangi ya manjano niliyoiona. Mwaka 2005, madaktari wa hospitali ya Beaujon, karibu na Paris, walitoa matokeo ya operesheni 775 za ini. Waliangalia mambo mawili tu siku ya tano: kama nguvu ya kugandisha damu imeshuka chini ya asilimia 50 ya ile ya kawaida, na kama bilirubini imepita mikromoli 50 kwa lita. Kwa waliokuwa na yote mawili, asilimia 59 walifariki. Kwa wengine, asilimia 1.2.

Vipimo viwili. Vyote tunavifanya hapa.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Madaktari wa upasuaji hupima kwanza ini litakalobaki ndipo washike kisu. Ini lenye afya lisibaki chini ya asilimia 20 hivi. La mtu aliyetibiwa kwa dawa za saratani, asilimia 30. Lililojaa makovu, 40. Ni tarakimu nzuri na zimeokoa watu, ila kwa sehemu kubwa zimetokana na wagonjwa wa Japani, Ulaya na Marekani. Ini la mvuvi wa ziwani lina historia yake. Ameingia majini tangu utotoni, na mayai ya kichocho yamekwama katika matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka matumboni. Yakishakwama huko huacha makovu. Ajabu ya kichocho ni kwamba seli za ini zenyewe huendelea kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, huku presha ndani ya mshipa huo ikipanda mpaka mtu anatapika damu. Haya, mkate upande wa kulia. Damu yote ya tumbo sasa inapita katika kipande kilichobaki. Mkondo huo ukiongezeka kiasi ni mojawapo ya vitu vinavyolichochea ini kumea, lakini ukizidi hulijeruhi. Je, ini la kichocho tulihesabie asilimia 20 kwa kuwa seli zake ni nzima, au 40 kwa kuwa limejaa makovu? Swali hilo halitafutiwi jibu Tokyo. Ni la kwetu, la Mbita, Usenge na Dunga.

Ongeza homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2001, na aliyezaliwa kabla ya hapo aliachwa nje. Ongeza sumu ya kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ini la mtu mmoja laweza kuwa limepigwa na yote matatu.

Nimesikia hoja kwamba utafiti ni anasa wakati vitanda vya wagonjwa mahututi havitoshi. Naielewa, maana nimewaona wanaosubiri. Lakini damu hiyo imeshatolewa, na familia imeshailipia. Kinachokosekana ni mahali pa kuiandika ikakaa. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, majibu yalibandikwa kwenye faili, na mgonjwa aliporuhusiwa hakuna aliyeyafungua tena. Wa Paris waliweza kusema jambo kwa sababu kila mgonjwa aliandikwa, wa kwanza hadi wa 775. Sisi nasi tungeanza na rejista moja kwa hospitali zote za ukanda huu zinazopasua ini, kwa ridhaa ya wagonjwa: ini lilikuwa na ugonjwa gani, kipimo cha picha kilionyesha litabaki kiasi gani, damu ya siku ya tano ilisemaje, mtu yuko wapi baada ya miezi mitatu. Wenzetu wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pale Kisian wamefuatilia kichocho na malaria kijiji kwa kijiji kwa miaka mingi. Kufuatilia watu wanakujua.

Na tusiridhike na ukubwa kwenye picha. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani walitangaza operesheni ya hatua mbili iliyolifanya ini litanuke kwa asilimia 74 katika siku tisa hivi. Kati ya wagonjwa 25, watatu walifariki, na wachunguzi waliofuata waliona kwamba ini linaweza kuvimba upesi kuliko linavyopata uwezo wa kufanya kazi. Picha ilisema limemea, damu ikasema bado.

Yule kijana nilimjibu kwamba siwezi kumwambia kama limemea, na kwamba majibu anayo daktari wa wodi. Alirudi siku ya tisa, kisha ya kumi na mbili. Kichupa cha siku ya kumi na mbili nilikiinua mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha: manjano yalikuwa yamepungua, na damu ya kile cha bluu iliganda karibu na muda wake. Wiki iliyofuata mzee aliruhusiwa. Walikwenda kupanda feri Luanda Kotieno, na karatasi zote za damu yake ziliondoka nao zikiwa zimekunjwa mara nne katika mfuko wa shati la kijana.