Taa za thieta zisisahauliwe

Mwandishi, asante kwa makala ya miwani inayomwonyesha daktari picha ya uvimbe juu ya kichwa cha mgonjwa kabla fuvu halijafunguliwa. Ila suala la taa umeligusia kwa sentensi moja tu, na hapo ndipo penye kazi. Mimi ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, hapa Kisumu, mwaka wa 11 huu. Taa kubwa ya upasuaji inaweza kumwaga mwanga wa hadi laksi 160,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) mahali padogo. Picha ya miwani kama HoloLens 2 ni mwanga tu kwenye kioo. Chini ya taa hiyo inafifia kama simu ukiisoma juani pale steji ya Kondele. Nayo taa ukiipunguza mno, kamera zinazosoma alama na kuta ili zijue kichwa cha daktari kimeelekea wapi hazioni vizuri, na picha huanza kuteleza. Ikiteleza milimita 3 kwenye paja si kitu. Kwenye ubongo ni usemi wa mtu, ni mkono wake wa kulia.

Nimeona shuka la kijani lililolowa maji ya chumvi likimetameta hadi macho yangu yanaumia, sembuse kamera. Kila tunapoletewa kijana wa bodaboda aliyepasuka kichwa, natamani vifaa hivi vifike, tena upesi. Lakini vikifika vipimwe chini ya taa zetu wenyewe, na hata ule wakati stima imepotea na jenereta bado haijashika.