Paulo hakuwalaumu waliokosa kazi

Nimesoma makala kuhusu uvivu na kazi, na nakubaliana na mwandishi wake kwamba uvivu haumfai Mkristo, lakini namna alivyoutumia mstari wa 2 Wathesalonike 3:10, ambapo mtume Paulo anasema asiyetaka kufanya kazi asile, kana kwamba kila asiye na kazi hastahili chakula, inawaumiza watu wasio na hatia. Paulo aliwakemea waliokataa kufanya kazi huku wakijishughulisha na mambo ya wengine, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana yeye mwenyewe alishona mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila kule Korintho. Waliotafuta kazi wakaikosa ni habari nyingine kabisa. Katika mfano wa Yesu ulio katika Mathayo 20, mwenye shamba anawakuta watu wamesimama saa kumi na moja, siku inakaribia kwisha, na anapowauliza kwa nini wamekaa bure mchana kutwa wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakemei hata kidogo, bali anawapeleka shambani na jioni anawalipa ujira wa siku nzima.

Ningependa pia mwandishi angeanzia Mwanzo 2:15, ambapo Adamu anapewa bustani ailime na kuitunza kabla ya anguko, yaani kabla hajamwasi Mungu (wengi hudhani kazi ililetwa na laana, ilhali kilicholetwa na laana ni jasho na miiba). Kwa kijana anayehangaika kutafuta ajira, kumhudumia mgonjwa, kufagia kanisa au kumfundisha mtoto wa jirani kusoma ni kazi halisi mbele za Mungu, ijapokuwa haina mshahara. Na kanisa lake lina wajibu wa kumpa nafasi hizo na kumsaidia chakula bila kumhoji kama mtuhumiwa.