Linux Ikigoma Kwenye Kompyuta Kuukuu, Usikimbilie Kupakua Nyingine

Mama mdogo ana steshenari. Anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia watu fomu. Kompyuta mpakato anayotumia ni ya mtumba, prosesa yake Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 2. Windows ilipoanza kuganda kila baada ya muda mfupi, fundi akamwambia hiyo imekufa, atafute nyingine. Mimi nikamwomba aniachie wikiendi moja niiwekee Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows.

Wikiendi ikawa wiki mbili, na kosa lilikuwa langu.

Nilianza na Xubuntu, moja ya distro, yaani matoleo mbalimbali ya Linux; usakinishaji ukakata kwenye asilimia 43. Nikasema labda ni nzito, nikapakua Mint, nayo ikakata kwenye 71. Nikapakua Debian, ikaishia 18. Bando likaisha, na mama mdogo akapiga simu: "Mwanangu, kama haiwezekani niambie mapema, wateja wananikimbia."

Sisi tunaoipenda Linux tuna ushauri mmoja tunaoutoa haraka mno kwa mtu aliyekwama: jaribu distro nyingine. Naamini ushauri huo unawaumiza watu. Unawamalizia bando kwa mafaili ya GB kadhaa, na mwisho wake wanaamini kwamba mashine ndiyo iliyokufa au Linux ndiyo ngumu. Distro tatu zikishindwa kwenye mashine moja, tatizo haliko kwenye distro.

Zile namba zangu zilikuwa zinasema kitu tangu mwanzo. Usakinishaji ukikata mahali palepale kila mara, shuku faili ulilopakua, flashi, au diski yenye sehemu mbovu. Ukikata leo hapa na kesho pale, shuku RAM, au joto. Wakati wa kusakinisha, maelfu ya mafaili yaliyobanwa hupitia kwenye RAM yafunguliwe. Biti moja (chembe ndogo kabisa ya data) ikigeuka, faili halifunguki na kazi yote inasimama. Windows ilikuwa inapata ugonjwa huohuo, ila yenyewe ilikuwa inaganda tu bila kueleza.

Hata hivyo nilianza na kilicho rahisi. Amri ya sha256sum inakokotoa namba ya utambulisho ya faili lako, uilinganishe na ile iliyotolewa na waliolitengeneza, na inachukua dakika chache. Herufi zote zikafanana, kwa hiyo faili lilikuwa zima. Ndipo nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku na kwenda kulala. Alfajiri nikakuta mistari myekundu imejaa skrini nzima. Nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa RAM moja kati ya mbili, nikapima upya: safi kabisa. Nikaweka ile niliyoichomoa peke yake: wekundu tena. Badiliko moja, jibu moja. Ningeanza na hilo siku ya kwanza, mama mdogo asingekosa kazi ya wiki mbili.

Kuna mashine ambazo kweli zimefika mwisho wa njia fulani, na ni haki kumwambia mwenye nayo ukweli. Prosesa ya zamani ya biti 32 ikipewa Linux ya biti 64, skrini inaandika wazi kwamba kerneli (kiini cha Linux) inahitaji x86-64, yaani biti 64, lakini imekuta i686, yaani biti 32. Hapo hakuna cha kutengeneza, unahitaji toleo la biti 32, na hayo yanapungua. Ubuntu ya kompyuta za mezani iliacha kuyatoa mwaka 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Lakini skrini ikiwa nyeusi mara tu baada ya menyu ya kuwashia, hiyo si lazima iwe mwisho: ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa maagizo ya kuwashia kerneli, ulio ndani ya menyu hiyo, kabla hujaitupia lawama kadi ya picha.

Linux ilipoingia, bado kulikuwa na tatizo moja. Kivinjari kilikataa karibu kila tovuti, na apt, amri ya kusakinisha programu, ikadai orodha za programu bado hazijaanza kutumika. Nilitazama saa pembeni ya skrini, ikasema Januari 2007. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ilikuwa imekwisha, na kila mashine ikizimwa inasahau tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vilionekana ni vya miaka ijayo. Nikaweka betri mpya, nikapanga tarehe, kila kitu kikafunguka.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi haziwezi kupokea Windows 11. Nyingi zitapelekwa kwa mafundi mwaka huu, na nyingi zitaambiwa zimekufa bila hata kupimwa RAM.

Ya mama mdogo inachapa. Nimempatia RAM ya GB 2 iliyotoka kwenye mashine iliyovunjika kioo. Ile iliyoharibika nimeiandika MBOVU kwa kalamu ya wino mzito, asije mtu akaichomeka kwenye kompyuta ya mwingine.