Msiyape muuza njugu madaftari ya mwanafizikia

Baada ya khitma ya ami yangu, aliyesomesha fizikia chuo kikuu maisha yake yote ya kazi, tulilifungua kasha lake nyumbani Wete. Shangazi alitoa vyeti, pasi na hati ya shamba la mikarafuu. Madaftari yaliyobaki, ambayo mchwa walikwisha kuyatafuna pembeni, akaamuru apewe muuza njugu afungie biashara yake. Nilifunua moja. Hesabu ya pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, ilijaza ukurasa mzima, ikakatwa yote, na chini yake ami ameandika kwa wino mwekundu: "Msuguano wa hewa nimeusahau."

Kwa maoni yangu, tunahifadhi kinyume. Cheti kikipotea, chuo kilichokitoa kina kumbukumbu zake, na makala iliyochapishwa imo katika maktaba nyingi, lakini ukurasa ule uliokatwa upo mmoja tu, nao ndio unaomwonyesha mtu akifikiri.

Najua wazee wetu wanachohofia ni sitara: humo mna barua za madeni, za ugomvi wa kazini, pengine na za mapenzi. Hofu hiyo ina haki yake, ila dawa yake si moto. Mwaka 1941 mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg alimtembelea mwanafizikia mwenzake wa Denmark, Niels Bohr, mjini Copenhagen, wakati Denmark imekaliwa na Wajerumani, na hadi leo wanahistoria wanabishana juu ya yale waliyozungumza. Miaka mingi baadaye Bohr aliandika rasimu za barua ya kumpinga mwenzake, asizipeleke posta. Alipofariki mwaka 1962, karatasi hizo zilihifadhiwa kwa sharti zisifunguliwe hadi mwaka 2012. Mjadala ulipopamba moto, familia ikaridhia zitolewe mwaka 2002.

Sharti kama hilo linaweza kuwekwa hapa kwetu, katika Nyaraka za Kilimani, mjini Zanzibar, zilimohifadhiwa karatasi za enzi za masultani na za utawala wa Waingereza. Madaftari ya Marie Curie, mwanasayansi aliyechunguza mionzi, kule Paris huwekwa ndani ya makasha yenye bitana ya madini ya risasi kwa kuwa bado yanatoa mionzi. Yetu yanataka tu kuepushwa na mchwa na unyevunyevu, na yasipangwe upya na mtu asiyejua kwa nini barua fulani ilichomekwa kati ya kurasa fulani.

Shangazi amekubali, ila anataka barua alizoandikiana na kaka yake zitolewe kwanza. Nimemwomba azifunge kwa uzi, aandike juu yake mwaka wa kufunguliwa, kisha azirudishe kashani.