Unga Unaoua Vijidudu, na Ndoo ya Jioni

Titani dioksidi ni unga mweupe usio na makuu, uleule unaotiwa katika rangi za ukuta, lakini tangu mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walipoonyesha kwamba ukimulikwa unaweza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, wanasayansi hawajaupa mapumziko. Mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, ikiupiga, elektroni zake hubanduka, na juu ya chembe zake huzaliwa haidroksili huru, vipande vikali vya oksijeni na haidrojeni, ambazo huishi kwa muda mfupi mno, ila katika muda huohuo hushambulia utando wa bakteria hadi ukatoboka.

Sina ugomvi na sayansi hiyo. Ugomvi wangu ni na wanaoinadi kuwa mbadala wa klorini vijijini. Haidroksili hufa pamoja na mwanga, ilhali klorini hubaki majini. Na maji yaliyosafishwa adhuhuri huchotwa jioni kwa kata ambayo mtoto ameishika kwa mikono aliyochezea uwanjani.

Tena jua lenyewe lina urujuanimno kidogo, takribani asilimia 5 ya nishati yake, na maji ya bwawa yenye tope huuzuia hata huo, huku mabaki ya majani yaliyooza yakizimaliza haidroksili kabla hazijawafikia vijidudu. Unga ukikorogwa majini, lazima uchujwe. Ukigandishwa kwenye kioo, sehemu inayogusana na maji hupungua.

Chupa ya plastiki angavu iliyojazwa maji, ikianikwa juani kwa saa sita, haihitaji unga wowote, na majaribio yaliyofanywa miaka ya 1990 kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado yalionyesha kwamba hupunguza kuhara. (Bati la paa nalo husaidia, kwa kuwa maji yakifikia nyuzijoto 50 kazi huenda kasi zaidi.)

Mahali pa kichocheo hiki cha titani dioksidi, kwa maoni yangu, ni penye adui asiyewezwa na klorini wala chupa: masalia ya viuatilifu vya mashambani, kwa mfano, ambayo haidroksili huyavunjavunja. Kifungwe kwenye mtambo wa kijiji, baada ya chujio la mchanga, kisha klorini kidogo iongezwe mwishoni. Na mtafiti atakayeniletea grafu ya bakteria waliokufa ndani ya bika, nitamwomba kwanza vipimo vya ndoo ileile saa mbili usiku.