Kiingilio cha kutazama mapazia

Jamani, nani aliyesema kutembelea majumba ya kale ya mashambani Uingereza ni mapumziko? Jumamosi nimeendesha gari saa mbili, njia nyembamba kama uchochoro, hadi kwenye jumba la bwanyenye mmoja wa karne ya 18. Nimelipa kiingilio, nimeingia, ndani giza kama stoo ya mkaa! Mapazia yameshushwa kwa sababu mwanga unafifisha vitambaa na picha. Sababu naielewa. Lakini nimelipa kuona au kupapasa?

Kilichonimaliza ni viti. Miguu inawaka moto, viti vimepangwa ukumbi mzima, na kila kimoja kimewekewa koni ya msonobari, lile tunda lake gumu lenye magamba. Ndiyo namna yao ya kukwambia usikae. Hakuna kibao, hakuna mtu wa kukukataza, koni tu. Waingereza hao.

Nikatoka bustanini. Nyasi zimenyooka hadi kwa kondoo, hakuna uzio, najiendea zangu, mara handaki! Limefichwa makusudi: linazuia mifugo, na bwana mkubwa akiwa dirishani haoni ukuta. Lenyewe wanaliita ha-ha. Nilicheka? Thubutu.

Na pesa za kujengea majumba haya, je? Jumba la Harewood kule Yorkshire, lililoanza kujengwa 1759, lilitokana na utajiri wa sukari na watumwa wa Karibi. Nilikokwenda mimi, habari za namna hiyo zilikuwa kikaratasi kimoja nyuma ya mlango. Bei za keki zilipewa ubao mzima.